Wastani mzuri wa KCSE pekee hautoshi kumfikisha mtu chuo cha uuguzi

KILA mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) yanapotangazwa, maelfu ya vijana na wazazi wao huanza kusaka nafasi katika vyuo vya uuguzi. Wengi huutazama wastani uliochapishwa chini ya karatasi ya matokeo, wakauona unatosha, na kuhitimisha kwamba kazi iliyobaki ni kutafuta karo tu.

Hapo ndipo kosa la kwanza hutendeka. Mwanafunzi aliyepata wastani wa B- anaweza kufungiwa mlango ilhali mwenzake wa C anapokelewa kusomea stashahada. Kinachowatenganisha ni gredi za masomo machache mahususi, chuo walichochagua, na uangalifu wao katika kujaza maombi.

Kosa la pili ni ghali zaidi. Kuna familia ambazo zimeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kumlipia mtoto karo katika chuo kisichokuwa na idhini ya kufunza wauguzi, zikaja kugundua baada ya miaka kwamba cheti alichopata hakimruhusu kufanya kazi hiyo. Makosa yote mawili yanaweza kuepukwa iwapo mwombaji atazifahamu kanuni mapema.

Gredi zinazohitajika

Kazi ya uuguzi nchini Kenya inasimamiwa na Baraza la Wauguzi (NCK), chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257 ya sheria za nchi, iliyotungwa mwaka wa 1983. Baraza hilo ndilo huweka viwango vya chini vya kujiunga na mafunzo. Viwango hivyo hufuatwa na vyuo vyote, viwe vya serikali, vya makanisa au vya watu binafsi. Chuo kina uhuru wa kudai gredi za juu zaidi, lakini hakina uwezo wa kushuka chini ya hapo.

Kwa anayetaka stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii, kozi ambayo huvutia waombaji wengi zaidi, anahitaji wastani wa C katika KCSE. Zaidi ya wastani huo, sharti awe amepata C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Biolojia, na angalau C- katika mojawapo ya Kemia, Fizikia au Hisabati.

Kwa shahada ya uuguzi, ambayo huchukua miaka minne, wastani wa chini ni C+. Mwombaji anatakiwa pia kuwa na C+ katika Biolojia, Kemia, Kiingereza au Kiswahili, na Hisabati au Fizikia. Kwa kiwango cha cheti, wastani unaodaiwa ni C-, pamoja na masharti yake ya masomo.

Ni muhimu kutambua kwamba Kiswahili kinakubaliwa sawa na Kiingereza katika masharti haya. Kuna waombaji wanaokata tamaa kwa sababu ya D+ ya Kiingereza, wakasahau kwamba B ya Kiswahili waliyo nayo inakidhi sharti la lugha.

Biolojia, kwa upande wake, haina mbadala wa namna hiyo. Aliyefanya vyema katika Kemia, Fizikia na Hisabati lakini akaiacha Biolojia hana njia ya kuingia uuguzi kwa matokeo hayo. Katika mfumo wa 8-4-4, wanafunzi wengi walifanya uamuzi huo wakiingia kidato cha tatu, pengine kwa kufuata marafiki au kwa kumkwepa mwalimu mkali, bila kujua walikuwa wakifunga mlango gani.

Wazazi wenye watoto katika mtaala mpya wana nafasi ya kuepuka kosa hilo. Kundi la mwisho la KCSE linatarajiwa kufanya mtihani mwaka wa 2027, na wanafunzi wa kwanza wa sekondari ya juu waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Kwa mtoto anayewazia uuguzi, mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na ndani yake masomo ya Biolojia na Kemia, ndio uchaguzi wa busara.

Hesabu ya alama za kundi

Kutimiza gredi za chini humpa mtu haki ya kuomba tu. Nafasi yenyewe hushindaniwa, hususan katika vyuo vikuu.

Idara inayosimamia uteuzi wa wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo vya kadri (KUCCPS) hutumia alama za kundi la masomo manne yanayohusiana na kozi. Kila gredi ina pointi zake: A ina 12, B ina 9, C+ ina 7, C ina 6. Masomo manne yakijumlishwa, upeo ni pointi 48. Kisha jumla hiyo hulinganishwa na matokeo ya mwanafunzi katika masomo yote saba.

Chukua mfano wa watahiniwa wawili waliopata pointi 56 kila mmoja, yaani wastani wa B-. Wa kwanza ana B katika Biolojia, B- katika Kemia, B- katika Hisabati na B katika Kiingereza. Jumla ya masomo hayo manne ni pointi 34. Wa pili ana C+ katika Biolojia, Kemia na Hisabati, na B katika Kiswahili. Jumla yake ni 30. Pointi zake nyingine alizichuma katika Historia, Dini na Biashara.

Kwenye karatasi ya matokeo wawili hawa ni sawa, na wote wametimiza masharti ya shahada. Mbele ya kompyuta ya uteuzi, wa kwanza ametangulia kwa umbali mkubwa, kwani mara nyingi waombaji wa uuguzi hutenganishwa na sehemu ndogo tu ya pointi moja. Kwa mwanafunzi ambaye bado yuko shuleni, funzo ni kwamba saa moja ya ziada katika Biolojia na Kemia ina thamani kubwa kuliko saa hiyo hiyo katika somo analolimudu tayari.

Kuchagua chuo kwa hesabu

Vyuo vikuu kama vile Nairobi, Moi, Kenyatta, Egerton, Maseno na Masinde Muliro hufunza shahada ya uuguzi. Kwenye mtandao wa KUCCPS huonyeshwa alama alizokuwa nazo mwanafunzi wa mwisho aliyepokelewa katika kila kozi miaka iliyotangulia. Mwombaji mwenye busara huzilinganisha na zake kabla ya kuchagua. Iwapo alama zake ziko chini ya kiwango cha chuo fulani kwa pointi kadhaa, kukiweka chuo hicho mwanzoni ni kupoteza nafasi.

Aidha, si vyema kujaza chaguo zote kwa vyuo vya mijini vinavyokimbiliwa na kila mtu. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC), ambacho chimbuko lake ni mwaka wa 1927 na ambacho kilifanywa shirika la umma mwaka wa 1990, kina zaidi ya mabewa 70 kote nchini. Stashahada inayotolewa katika bewa la Lodwar au Garissa ni ile ile inayotolewa Nairobi, na mtihani wa leseni ni mmoja. Anayekubali kusomea mbali na nyumbani hujiongezea nafasi.

Nafasi za KMTC zimewahi kuombwa moja kwa moja chuoni na pia kupitia KUCCPS. Kwa hivyo mwombaji asitegemee maelezo ya ndugu aliyejiunga miaka mitano iliyopita. Tangazo la mwaka husika ndilo linalotaja mlango wa kupitia, ada ya maombi na siku ya mwisho.

Vile vile, zipo kozi za ukunga na za uuguzi wa afya ya akili ambazo wengi hawazifikirii. Anayevutiwa na kazi hizo anaweza kupata ushindani uliopungua.

Mahojiano katika vyuo vya hospitali

Zipo pia shule za uuguzi zilizo chini ya hospitali, nyingi zikiwa za makanisa. Miongoni mwake ni zile za Kijabe, Tenwek, Chogoria, Tumutumu na Maua. Kwa kawaida shule za aina hii hutangaza nafasi zenyewe, na nyingi humwita mwombaji kwa mtihani wa kuandika na mahojiano.

Hapa ndipo tabia na tajriba ya mwombaji huhesabiwa. Katika uteuzi wa kompyuta, barua ya sifa kutoka kwa kasisi au cheti cha huduma ya kwanza havimwongezei mtu hata nukta moja. Mbele ya jopo la mahojiano, mambo hayo yana uzito. Mafunzo ya huduma ya kwanza ya Shirika la Msalaba Mwekundu au St John Ambulance, kujitolea katika zahanati ya kijijini, au kumuuguza mgonjwa nyumbani kwa muda mrefu ni ushahidi kwamba mwombaji anajua anachokiomba.

Swali la kwanza huwa rahisi kusikia na gumu kujibu: kwa nini uuguzi? Jibu kwamba mtu anapenda kusaidia watu limesikika mara nyingi mno. Jibu la tukio moja la kweli, lililoelezwa kwa utulivu, huaminika zaidi. Anayesema bila kuficha kwamba anatafuta pia kazi ya kumpatia riziki hajajiharibia, mradi aonyeshe kuwa anafahamu zamu za usiku, vidonda na vifo vilivyomo ndani ya kazi hiyo.

Jopo linaweza pia kuuliza kuhusu hali ya afya nchini. Mwombaji anafaa kujua kwamba huduma nyingi za afya zilihamishiwa serikali za kaunti mwaka wa 2013, kwamba wauguzi waligoma kwa miezi mitano mwaka wa 2017, na kwamba Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Kwa mtihani wa kuandika, hesabu za uwiano na asilimia zinafaa kudurusiwa, kwa sababu muuguzi hupima vipimo vya dawa kila siku.

Idhini kabla ya karo

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwombaji anapaswa kuhakikisha kuwa chuo kimo katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na NCK, na kwamba idhini hiyo ni ya kozi anayoitaka. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa kufunza kozi nyinginezo pasipo kuwa na ruhusa ya kufunza uuguzi. Jengo zuri, sare nyeupe na bango kubwa kando ya barabara si idhini.

Baada ya kupokelewa, mwanafunzi husajiliwa na baraza na kupewa nambari yake. Asiye na nambari hiyo hawezi kufanya mtihani wa leseni, na asiye na leseni si muuguzi kisheria. Mwanafunzi anayeahidiwa kwamba usajili utafanywa baadaye ana kila sababu ya kwenda mwenyewe kuuliza barazani.

Fauka ya hayo, wapo walaghai wanaouza barua za kujiunga na vyuo vya umma. Nafasi halali hailipiwi kwa simu ya mtu binafsi. Cheti cha kughushi nacho hakimfikishi mtu mbali, kwani hulinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani (KNEC), na kosa hilo huweza kumfikisha mtu mahakamani.

Stakabadhi na fedha

Majina katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na hati ya matokeo yanafaa kulingana. Tofauti ya herufi moja imewahi kuwachelewesha wengi wakati wa usajili. Ni heri kuyarekebisha majina hayo kabla ya msimu wa maombi kuanza.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa mwaka wa 1995, huwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na pia wa KMTC. Mzazi asiye na uwezo ana sababu ya kuuliza kuhusu mkopo na basari kabla ya kutangaza shamba mnadani.

Waliokosa gredi

Aliyekosa gredi ya Biolojia kwa hatua moja anaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, mradi ajiandae ipasavyo kwa mtihani wa vitendo, ambao huwaangusha wengi wasio na maabara. Mwaka mmoja wa kurudia ni nafuu kuliko miaka mitatu katika chuo kisichotambuliwa.

Mwenye C- anaweza kuanzia kwenye cheti, akafanya kazi, kisha akajiendeleza hadi stashahada. Mwenye stashahada na leseni naye hupokelewa katika vyuo vikuu kusomea shahada. Wauguzi wengi wanaosimamia wodi leo walipanda ngazi hiyo hatua kwa hatua.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika safari hii, maswali matatu yanatosha kumwokoa mzazi na mwanawe: je, gredi za masomo yanayodaiwa zimetimia? Je, alama za mwombaji zinalingana na chuo alichochagua? Na je, chuo hicho kina idhini ya kufunza uuguzi? Majibu yakiwa ni ndiyo kwa yote matatu, ndipo karo itafutwe.