Sakafu ya Nyonga

Sakafu ya nyonga ni tabaka la misuli na kano linaloziba uwazi wa chini wa nyonga, kuanzia mfupa wa kinena hadi kifandugu. Juu yake hukaa kibofu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na, kwa mwanamke, kizazi. Misuli hii ikilegea au kuchanika, au mishipa yake ya fahamu ikiumia, mkojo, ushuzi au choo hutoka bila hiari, na kizazi huweza kushuka.

Chanzo kikubwa kwa wanawake ni kujifungua kwa njia ya kawaida, hasa uchungu uliochukua muda mrefu, mtoto mkubwa au kuvutwa kwa koleo. Kukoma hedhi, unene, kikohozi sugu na kufunga choo huongeza tatizo. Wanaume nao hupatwa, zaidi baada ya kuondolewa tezi dume.

Kabla ya tiba, lazima ijulikane mkojo unatoka vipi. Mama anayelowa akikohoa, akicheka au akijitwisha ndoo ya maji ana udhaifu wa misuli inayobana mrija wa mkojo. Anayebanwa ghafla akafika chooni nguo zimeshalowa, kibofu chake hujikaza kabla ya wakati. Mzee anayedondosha matone huku tumbo la chini limejaa huenda ana kibofu kisichomwagika chote. Na aliyevuja mfululizo, usiku na mchana, tangu uchungu uliokwama, huyo si mlegevu wa misuli: ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Tundu dogo lililo jipya huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Mengine huhitaji upasuaji, unaofanywa Tanzania katika hospitali kama CCBRT, Dar es Salaam. Kumwambia mwanamke wa namna hii afanye mazoezi ni kumpotezea muda.

Kwa udhaifu wa misuli, hata hivyo, mazoezi ndiyo tiba ya kwanza. Yalipata umaarufu mwaka 1948 kupitia daktari wa Marekani, Arnold Kegel. Mtu hubana kana kwamba anazuia ushuzi, akiinua misuli kuelekea ndani, hushikilia sekunde chache, kisha huachia kabisa. Mwongozo wa tiba wa Uingereza unataka angalau mibano 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Wengi hukosea: hukaza makalio na mapaja, au hubana pumzi. Kukatisha mkojo katikati kusifanywe kuwa zoezi, maana kibofu huenda kisimwagike chote. Wapo pia ambao misuli yao imekaza kupita kiasi. Hao huumia wakati wa tendo la ndoa au haja kubwa, na kuzidi kubana huwaongezea maumivu. Wanachohitaji ni kufundishwa kulegeza.

Wauguzi na ndugu wanaosema kwamba kulowa baada ya kujifungua “ndiyo uzazi huo” huwachelewesha wengi kupata tiba.

Kizazi kilichoshuka huweza kushikiliwa na pete maalumu inayovaliwa ukeni. Upasuaji, wa kizazi kilichoshuka au wa mkojo unaovuja, huja baadaye, nao una historia yenye utata: wavu wa plastiki uliopandikizwa kupitia ukeni uliwaletea baadhi ya wanawake maumivu ya kudumu, na mwaka 2018 Uingereza ilisitisha matumizi yake katika kutibu mkojo unaotoka kwa kikohozi.