Historia ya Baadhi ya Istilahi za Karate

Mfasiri anapoletewa kanuni za mchezo wa kigeni azitie katika Kiswahili, aghalabu hudhani kwamba maneno ya mchezo huo ni ya kale na hayaguswi. Kwa karate dhana hiyo si sahihi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba Wajapani wenyewe wameyabadili maneno yao mara kadhaa, pengine sauti ikibaki na maana ikihama, na kwamba asiyeijua historia hiyo atawapotosha waamuzi na walimu.

Tuanze na jina lenyewe. "Te" ni mkono. Kisiwani Okinawa, mchezo huu ulikokulia kwa athari nyingi za Kichina, "kara" iliandikwa kwa alama iliyoashiria Uchina ya enzi ya Tang, hivyo karate ilikuwa "mkono wa Kichina". Mwaka 1905 Chomo Hanashiro aliandika "kara" kwa alama nyingine, inayotamkwa vivyo hivyo lakini yenye maana ya "tupu". Tarehe 25 Oktoba 1936 walimu wa Okinawa walikutana mjini Naha na kuyakubali maandishi hayo. Sikio halikusikia badiliko lo lote. Japani ya miaka hiyo ilikuwa imeshika njia ya uzalendo wa kijeshi, na jina lililobeba Uchina ndani yake lilikuwa mzigo. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule aliyekwenda kuionyesha karate Tokyo mwaka 1922, alikwenda mbali zaidi: majina ya mifuatano ya mazoezi yaliyokuwa na lafudhi ya Kichina aliyapa sura ya Kijapani, Pinan ikawa Heian, na Kusanku ikawa Kanku. Kazi hiyo ni ile ile tuifanyayo sisi mezani petu.

Mavazi meupe na daraja za dani navyo si urithi wa Okinawa. Vilitoka katika judo ya Jigoro Kano, aliyeanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882. Naye dani aliichukua kwa wachezaji wa go, mchezo wa kete.

Desturi inayotaka uangalifu zaidi ni rei. Mazoezi huanza na kumalizika wanafunzi wakiwa wamepiga magoti, viganja sakafuni, vichwa vimeinama kumwelekea mwalimu. Mfasiri akiandika kwamba wanafunzi "humsujudia" mwalimu, atakuwa amewatoa watoto wengi mazoezini kwa neno moja tu, kwani kwetu husujudiwa Mungu peke yake, na mzazi asomaye hivyo hataki maelezo zaidi. Rei yenyewe ina maana ya adabu na heshima, wala si tendo la kuinama tu. Gwaride limekwisha kutupatia "kutoa heshima". Hapana haja ya kutafuta jingine.

Sasa mashindano. Funakoshi hakuyapendelea, na ubingwa wa kwanza wa Japani ulioandaliwa na chama cha wanafunzi wake ulifanyika mwaka 1957, miezi michache baada ya kufa kwake. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Tokyo mwaka 1970. Hapo ndipo istilahi zilipoanza kutaabisha. Iponi, maana yake "moja", lilikuwa pigo timilifu lililotosha kumaliza pambano. Wazari mbili zilihesabiwa kuwa iponi moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirikisho la dunia lilitumia iponi, nihoni na sanboni, yaani moja, mbili na tatu, na ngumi ikawa iponi. Katika muongo uliofuata majina yakageuzwa: ngumi ni yuko, alama 1; teke la kiwiliwili ni wazari, alama 2; teke la kichwa ni iponi, alama 3. Hivyo neno lenye maana ya "moja" sasa huleta tatu! Kwa kanuni hizo karate ilichezwa katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Mwalimu mwenye kitabu cha mwaka 2005 mkononi atampa mpiga ngumi iponi, na kijana wake atakwenda mashindanoni akiwa amefunzwa hesabu isiyokuwapo.

Wala kuyaacha maneno kama yalivyo si kinga. Mwamuzi akitangaza "yuko", msomaji wetu atauliza yuko wapi. Tangazo la "mashindano ya kata", likifika mezani kwa mtumishi wa serikali Tanzania, litapelekwa kwa mtendaji wa kata.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kata iitwe mfuatano. Na kwamba katika kanuni za mashindano iandikwe "alama 1", "alama 2" na "alama 3", neno la Kijapani likitajwa mara moja tu, pamoja na mwaka wa kanuni zinazofasiriwa.