Tottenham nayo ilinuka

Ndugu zangu, kila tukijadili Zanzibar ya karne ya 19 hakosi mtu wa kutukumbusha kwamba Livingstone, alipopita pale mwaka 1866, aliligeuza jina la mji kuwa mzaha wa uvundo. Sina ubishi, ufukwe ulinuka kweli. Ila mimi matembezi yangu ni Markfield Park, hapa Tottenham, kando ya mto Lea, basi nina la kuongezea.

Pale penye majani mabichi ndipo yalipokuwa yakiishia mavi ya Tottenham. Bodi ya afya ya mji, iliyoundwa 1850, ilijenga mifereji ya maji taka, na maji yake yakaangukia mtoni. Sasa, mto huohuo Lea ndio uliokuwa ukiwanywesha watu wa mashariki ya London. Mwaka uleule wa 1866 kipindupindu kikaua maelfu huko, na uchunguzi ukaiangukia kampuni ya maji, iliyokuwa imesambaza maji ya mabwawa ya wazi ya Old Ford bila kuyachuja. Sisemi ni uchafu wa Tottenham uliowaua. Old Ford iko mbali, chini ya mto. Nasema tu kwamba pua ya daktari huyo ingepata kazi kwao pia.

Mashine ya mvuke ya Markfield, iliyotengenezwa na Wood Brothers wa Sowerby Bridge, ilianza kazi 1888, kuyasukuma maji taka yaelekee Beckton. Ilienda mfululizo hadi kama 1905, kisha ikabakizwa kwa ajili ya mvua kubwa tu, mpaka kituo kilipofungwa 1964. Wapenzi wa mashine wameifufua, na siku maalumu inawashwa (nendeni muione, bwana, ni kitu kikubwa!). Kuta za zege za matangi ya zamani zimejaa michoro ya vijana. Ng'ambo ya mto, mabwawa ya Walthamstow yalifunguliwa 2017 kuwa hifadhi ya ndege na viumbe wengine.

Kwa hiyo uchafu wa Tottenham leo unaitwa urithi wa uhandisi, wetu umebaki kichekesho cha msafiri. Na wakati ule Unguja ilikuwa na shahidi bora: Daktari James Christie, aliyekikuta kipindupindu cha 1869 na 1870 akiwa palepale, na katika kitabu chake cha 1876 akaufuata ugonjwa kwa njia za biashara, kati ya bara na pwani. Mbona huyo hatumtaji?