Kijana Aliyezomewa Houston

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Leo naomba ruhusa ya kubishana nao kidogo. Ushahidi wangu nautoa katika mchezo ambao wengi wetu, tulipofika Marekani, tuliuona kama ugomvi wenye refa: futiboli ya Kimarekani.

Sababu ya kubishana ni mpwa wangu. Ana miaka 16, ni mlinzi wa pembeni katika timu ya shule yake, na msimu wake wa kwanza haukuwa wa kusifiwa. Dada yangu ameniuliza: "Kaka, huyu mtoto ana lolote huko, au anapoteza muda?" Sikumjibu papo hapo, maana niliwahi kumhukumu mlinzi wa pembeni kwa haraka nikaumbuka.

Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2006, ilijulikana kwamba Houston Texans wamekubaliana na Mario Williams, kijana wa miaka 21 kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina State. Kulipokucha ndiye angeitwa wa kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NFL. Katika uteuzi huo, timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo huanza kuchagua, na Texans walikuwa wameshinda michezo 2 na kupoteza 14. Mji ulikuwa na majina mawili mdomoni. La kwanza lilikuwa la Reggie Bush wa Southern California, mkimbiaji aliyekuwa ametoka kupewa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. La pili lilikuwa la Vince Young, mtoto wa Houston hasa, ambaye Januari mwaka huo aliiongoza Texas kuifunga timu ya huyo huyo Bush 41 kwa 38 na kutwaa ubingwa.

Williams alikuwa nani mbele ya hao? Mashabiki walizomea. Nami, mbele ya televisheni pamoja na wenzangu wa kazini, nilizomea, ingawa mtu angeniuliza mlinzi wa pembeni anafanya kazi gani, nisingeweza kumwambia.

Kazi yenyewe ni hii. Mlinzi wa pembeni husimama mwisho wa safu ya mbele ya timu inayozuia. Kwanza huziba ukingo ili mkimbiaji mwenye mpira asipenye. Pili, na hapa ndipo penye fedha, humpita mkingaji mwenye kilo 140 hivi, akamfikia mrusha mpira na kumwangusha kabla mpira haujatoka mkononi. Ana kama sekunde tatu tu. Houston waliyajua maumivu ya jambo hilo, kwa kuwa mwaka 2005 mrusha mpira wao, David Carr, aliangushwa mara 68. Tena katika kundi lao la ligi alikuwemo Peyton Manning wa Indianapolis, ambaye walikutana naye mara mbili kila msimu. Viongozi wa timu waliona kwamba mtu wa kumfikia Manning ana thamani kuliko mtu wa kushangiliwa.

Williams alikuwa na umbo la kazi hiyo. Urefu wake ulikaribia mita 2, uzito kilo 134. Katika vipimo vya Februari kule Indianapolis alikimbia yadi 40, yaani karibu mita 37, kwa sekunde 4.7 hivi, na aliruka juu kutoka aliposimama kwa zaidi ya mita moja. Msimu wake wa mwisho chuoni aliangusha warusha mpira mara 14.5, ile nusu ni pale wawili wanapomwangusha mtu kwa pamoja.

Lakini vipimo vimewahi kuwadanganya wengi. Mwaka 1995 Philadelphia Eagles walivutiwa na vipimo vya Mike Mamula, wakatoa nafasi zao kadhaa za uteuzi ili wasogee hadi ya saba wamchukue. Nafasi yao ya kumi na mbili iliyokwenda Tampa Bay ilimpata Warren Sapp, ambaye leo yumo katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Mwaka 2008 New York Jets walimchagua Vernon Gholston akiwa wa sita, kijana mwenye nguvu na mbio za kutisha. Katika misimu mitatu hakumwangusha mrusha mpira hata mara moja. Kwa upande wa pili, Deacon Jones, mmoja wa walinzi wa pembeni wakubwa kupata kutokea, alisubiri hadi duru ya 14 ya uteuzi wa 1961 ndipo akaitwa.

Chuoni, kijana mwenye nguvu hupambana na wakingaji ambao wengi wao kesho watakuwa walimu na wauza magari. Ndani ya NFL kila aliye mbele yake ana nguvu kama yeye. Hapo humsaidia ufundi: mikono, pembe ya kuingilia, mbinu ya pili pale ya kwanza inapozibwa. Hayo hayapimwi kwa saa wala kwa mizani, na huchukua miaka. Mwenzetu Daniel Adongo, Mkenya mcheza raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli hii. Nguvu na mbio alikuwa nazo, lakini aliingia kwenye michezo michache tu.

Msimu wa kwanza Williams alicheza akiwa na maumivu ya mguu, akapata 4.5 tu. Desemba 10, 2006, Vince Young alikwenda Houston na timu yake ya Tennessee, akakimbia yadi 39 katika muda wa nyongeza na kuimaliza Texans nyumbani. Tukasema, si tuliwaambia?

Mwaka 2007 Williams alipata 14, na 2008 akapata 12. Young alicheza kwa mara ya mwisho katika ligi hiyo mwaka 2011. Mwaka 2012 Buffalo walimpa Williams mkataba wa miaka sita wa hadi dola milioni 100. Alimaliza na jumla ya 97.5. Hata hivyo tuseme ukweli wote: Texans walipofika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza, msimu wa 2011, Williams alikuwa nje kwa jeraha. Uteuzi sahihi haukuleta ushindi wa haraka.

Kwa hiyo nimemjibu dada hivi. Usimuulize kocha mtoto ana kilo ngapi wala ameangusha wangapi. Muulize ni kitu gani anakiweza mwaka huu ambacho mwaka jana hakukiweza. Kama kipo, mwache acheze, na vitabu asiviache, kwani wanaofika huko ni wachache mno. Jumamosi nitakwenda kumtazama, na safari hii sizomei.