Kiwambo, si Utando

Tangu mlipuko wa maambukizi ya macho wa Januari 2024 jijini Dar es Salaam, "macho mekundu" limekuwa jina la ugonjwa. Wananchi siwalaumu, mtu huita maradhi kwa anachokiona. Nawalaumu wanaistilahi, ambao jibu lao, nililolikuta katika kitini cha wahudumu wa afya, ni "uvimbe wa utando wa jicho". Maneno yote mawili makuu hapo yamekosewa.

Uvimbe humpeleka mgonjwa kwenye jipu au saratani. Kinachotajwa ni mchochota: wekundu, joto na maumivu, hata pasipo kuvimba sana. Utando nao ni kosa kubwa zaidi. Neno hili latokana na tanda, yaani kuenea juu ya kitu bila kushikamana nacho: wingu hutanda, buibui hutanda, maziwa yaliyopoa hufanya utando. Waswahili wakisema jicho limeingia utando, wanasema limefifia, halioni vizuri. Hilo ni jambo la konea au la mtoto wa jicho.

Neno ninalolitaka ni kiwambo. Limetoka kwenye wamba: kuivuta ngozi juu ya ngoma na kuikaza ukingoni. Ndivyo ngozi angavu inayougua hapa ilivyo. Imefunika weupe wa jicho, ikakunjika na kuendelea ndani ya kope, na imeshikwa kuizunguka konea. Kilatini nacho kiliipa jina kutokana na kuunganisha, kwa sababu inaunga kope na jicho. Nilipolipendekeza neno hili, kamati moja ilinijibu kwamba kiwambo ni cha sikio. Jibu hilo liliniudhi na bado linaniudhi. Kama sikio lina kiwambo chake, lugha imekwisha kutupa kanuni. Kazi yetu ni kuifuata.

Tena neno sahihi linasaidia kupima. Mwenye mchochota wa kiwambo, jicho lake huwa jekundu zaidi kuelekea kope, naye huona vizuri akishapangusa tongo. Wekundu ukiizonga konea, mwanga ukamuumiza, au uoni ukapungua, shida iko ndani zaidi: kidonda cha konea, mchochota wa ndani ya jicho, au presha ya jicho iliyopanda ghafla, ambayo huja na maumivu makali na kutapika. Doa jekundu lisilouma wala kutoa machozi ni damu iliyovilia chini ya kiwambo. Hebu jaribu kulisema hilo kwa "macho mekundu".

Katika kuandika, basi: mchochota wa kiwambo wa virusi (machozi mengi, jicho moja kisha la pili), wa bakteria (tongo nzito zinazogandisha kope), wa mzio (kuwasha kwa macho yote mawili). Wa virusi hauponywi kwa antibiotiki. Na matone yenye steroidi yasitiwe kabla jicho halijapimwa, kwa kuwa kidonda cha konea kilichosababishwa na virusi vya hepesi huzidi kuharibika kwa matone hayo.