Hazina ya Risasi: Magazini ya Bunduki na Kiswahili cha Askari katika Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya sehemu moja ndogo ya bunduki, yaani magazini, katika eneo la Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tangu miaka ya 1880. Hoja kuu ni kwamba marekebisho ya magazini hayakuwa suala la ufundi peke yake. Yalikuwa pia njia ya kuamua nani aaminiwe kwa risasi ngapi. Katika Afrika ya Mashariki, Kiswahili cha askari ndicho kilichobeba elimu ya bunduki hiyo pamoja na mashaka yaliyoambatana nayo. Kwa kuzifuata istilahi za bunduki, makala yanapendekeza namna nyingine ya kuitazama hadhi ya Kiswahili nchini Uganda, ambako wengi bado hukiita lugha ya bunduki.

1. Utangulizi

Lurujo, kama maeneo mengine ya Koboko na Arua, iko karibu na mahali mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inapokutana. Hapa Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kibangala na Kiswahili husikika katika soko moja. Kwa sehemu kubwa wingi huo wa lugha ni matokeo ya historia ya majeshi. Kinubi ni Kiarabu kilichozaliwa upya kambini miongoni mwa askari wa Sudani. Kibangala kilienea pamoja na majeshi ya Mfalme Leopold wa Pili. Kiswahili nacho kilipata nguvu kupitia jeshi la King's African Rifles, yaani KAR, na polisi wa kikoloni.

Ndiyo maana Mganda wa kusini anapokataa kujifunza Kiswahili, hoja yake mara nyingi ni ya kumbukumbu. Alikisikia kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye silaha. Hoja hiyo haiwezi kujibiwa kwa kuipuuza. Makala haya yanaichukua kwa uzito wake, yanaingia ndani ya bunduki yenyewe, na kuuliza: maneno yaliyoitaja silaha hiyo yanatuambia nini juu ya waliyoibeba?

2. Kutoka majina ya moto hadi majina ya akiba

Kiswahili cha pwani kilikuwa na utaratibu wake wa kuainisha bunduki kabla ya jeshi la kikoloni kuundwa. Kulikuwa na bunduki ya mrau, iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Na bunduki ya fataki. Majina haya yote yanataja moto, kwa kuwa tatizo kubwa la mpiga bunduki lilikuwa kuwasha baruti kwa hakika. Zilipofika bunduki za kupakiwa kwa nyuma, ziliitwa bunduki za viasi: kiasi kilikuwa kipimo cha baruti na risasi kilichofungwa pamoja tayari. Jina likaacha kutaja moto, likaanza kutaja chakula cha bunduki.

Hatua iliyofuata ilikuwa akiba. Bunduki ya komeo, yaani ile inayofunguliwa na kufungwa kwa kuvuta na kusukuma pingu ya chuma kama komeo la mlango, ilianza ikiwa na nafasi ya risasi moja tu. Kisha ikaongezewa kisanduku cha kuwekea risasi kadhaa, nacho ndicho magazini.

Neno hili limezunguka dunia kabla ya kutufikia. Asili yake ni Kiarabu makhazin, yaani maghala, kutoka mzizi uleule uliotupa hazina na mhazini. Waitalia walilichukua kuwa magazzino, Wafaransa magasin, Waingereza magazine. Likarudi Afrika ya Mashariki katika mikono ya mwalimu wa kwata, na Kiswahili kikalipokea kama mgeni, bila kutambua kwamba ndugu yake alikuwa nyumbani siku nyingi. Kwa Mnubi wa Arua, ambaye lugha yake yenyewe imetokana na Kiarabu, mzunguko huo ni wa ajabu zaidi. Magazini ni hazina, na swali la kihistoria ni nani alikuwa mhazini.

3. Risasi moja kwa wakati: Lado na jirani zake

Katika miaka ya 1880 askari wa Emin Pasha katika Ikweta walibeba bunduki za Remington za risasi moja. Msafara wa Henry Morton Stanley, uliotumwa mwaka 1887 kumwokoa Emin, uliandaliwa Remington 510 na Winchester 50 zenye magazini. Kwa kila silaha kumi za risasi moja ilikuwapo takriban moja tu yenye akiba. Askari walioachwa nyuma, chini ya Selim Bey, ndio Frederick Lugard aliowakuta Kavalli mwaka 1891 na kuwaingiza katika utumishi wa Waingereza. Mwaka 1897 wengi wao waliasi, na Uganda ikalazimika kuletewa askari kutoka India. Tangu hapo Mnubi alikuwa mtumishi anayehitajiwa na kuogopwa kwa wakati mmoja.

Arua na Koboko zilikuwa ndani ya Eneo la Lado, alilokodishiwa Leopold mwaka 1894. Askari wake wa Force Publique walitumia bunduki ya Albini, nayo ya risasi moja, ingawa Ubelgiji yenyewe ilikuwa na Mauser ya mwaka 1889 yenye magazini ya risasi tano. Leopold alifariki Desemba 1909, na Lado ikarudishwa chini ya Sudan mwaka 1910. Wawindaji wa tembo waliokuja katika miaka hiyo, akiwamo W. D. M. Bell, walibeba bunduki za komeo zenye magazini. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikatiwa Uganda na kuitwa West Nile. Kwa hiyo, wenyeji waliijua tofauti hii kwa macho kabla ya kuipatia jina: mzungu mwindaji alipiga mfululizo, askari mweusi alipiga, akafungua, akapakia, akapiga tena.

4. Bamba na mnyororo

Bunduki iliyokuja kuwa alama ya KAR ni Lee-Enfield, iliyoanza kutumika katika jeshi la Uingereza mwaka 1895. Magazini yake ya risasi kumi ilitokana na ubunifu wa James Paris Lee, mzaliwa wa Uskochi. Iliweza kutolewa, lakini katika bunduki za awali ilifungwa kwa mnyororo mfupi ili isipotee. Juu yake palikuwa na bamba dogo la chuma. Bamba lilipofungwa, risasi za magazini hazikuweza kupanda, na askari alilazimika kupakia moja moja kwa mkono. Risasi kumi zilikaa chini kama akiba, zikingoja amri ya ofisa.

Sababu iliyotolewa ilikuwa kubana matumizi, na haikuwa ya uongo: risasi zilisafiri mbali, na huku kwetu zilibebwa vichwani mwa wapagazi. Waingereza hawakuwawekea Waafrika peke yao bamba hilo. Walikuwa nalo askari wao wenyewe. Hata hivyo, bamba linaeleza wazo pana: askari amekabidhiwa hazina, lakini hajakabidhiwa ufunguo.

Vita Kuu ya Kwanza vilibadilisha mambo. Mwaka 1914 kampuni nyingi za askari wa Kijerumani bado zilikuwa na bunduki ya mwaka 1871, ya komeo na ya risasi moja, ambayo moshi wake ulimfichua mpigaji. Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, uliwapatia mamia ya bunduki mpya na risasi zipatazo 600,000. Upande wa pili, KAR ilipanuka kutoka batalioni 3 hadi 22. Mwaka 1916 viwanda vya Uingereza, vikihimizwa na haraka ya vita, viliidhinishwa kuunda Lee-Enfield bila bamba. Hazina ikafunguliwa kwa sababu ya uhaba wa muda, wala si kwa sababu ya kuongezeka kwa imani.

Elimu ya haya yote ilipita katika Kiswahili. Amri za gwaride zilikuwa za Kiingereza, lakini maelezo ya kuruta yalitolewa kwa kile kilichokuja kuitwa Ki-KAR: sarufi yake nyepesi, msamiati wake wa kazi. Kasiba, mtambo, kitako, singe na shabaha yalikuwa maneno ya pwani. Magazini iliongezwa juu yake. Kijana wa Koboko aliyeingia 4 KAR, batalioni ya Uganda iliyopigana hadi Burma mwaka 1944, alijifunza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha bunduki kwa lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Huo ulikuwa mtaala wa ufundi, na kwa vijana wengi wa West Nile ulikuwa wa kwanza kutolewa kwa Kiswahili.

Waliokuwa mbele ya mtutu walikuwa na fikra zao. Katika harakati za Yakan, zilizohusishwa na nabii Rembe wa Wakakwa na kufikia maasi ya Walugbara mwaka 1919, waliokunywa maji yaliyobarikiwa waliahidiwa kwamba risasi zingegeuka maji. Ahadi kama hiyo ilikuwa imetolewa katika vita vya Majimaji mwaka 1905. Tunaweza kuisoma kama jibu la kimantiki kwa silaha yenye akiba: asiyeweza kuimaliza hazina ya adui huomba kilichomo kibadilike.

5. Kuziba na kupanua

Mfano wa India unaonyesha wazo hili bila kificho. Baada ya maasi ya 1857 Waingereza waliwapa askari wa Kihindi silaha duni kuliko zao. Baadaye, katika karakana ya Ishapore, Lee-Enfield ziligeuzwa kuwa bunduki za polisi za risasi moja, na nafasi ya magazini ikazibwa kwa kipande cha mti. Kinyume chake, mwaka 1941 New Zealand, ikihofia kuvamiwa na Japani, ilizigeuza bunduki chakavu za aina hiyo kuwa za kujipakia zenyewe, kwa mpango wa Philip Charlton. Bunduki ni ileile. Mlinzi anayeshukiwa alizibiwa. Raia anayeaminiwa alipanuliwa. Fundi alifanya kazi ya chuma, lakini uamuzi ulikuwa wa siasa.

Uganda huru ilirithi swali hilo. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 iliweka utengenezaji na ukarabati wa bunduki chini ya leseni. Idi Amin, aliyeingia KAR mwaka 1946, alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Majeshi ya Tanzania yalipofika mpaka wa West Nile mwanzoni mwa Juni 1979, Kiswahili kilikuwa pande zote mbili za mtutu: aliyekimbia na aliyemfukuza waliiita magazini kwa jina moja. Visasi vya mwaka 1980 viliwahamisha wakazi wengi kwenda Zaire na Sudan. Amani na kundi la UNRF II ilitiwa saini tarehe 24 Desemba 2002.

6. Hitimisho

Anayesema kwamba Kiswahili cha Uganda kilipita katika bunduki anasema kweli, lakini ameishia kwenye mtutu. Akiendelea hadi kwenye magazini atakuta historia nyingine: ya watu waliofundishwa kwa Kiswahili kazi yenye usahihi mkubwa, na ambao kwa lugha hiyohiyo waliambiwa wasubiri amri. Lugha ilitumika kuamini na kushuku. Dhambi hiyo si ya lugha peke yake.

Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 iliifanya lugha hii kuwa rasmi ya pili. Kazi ya watafiti ni kuukusanya msamiati wa askari wastaafu wa Arua na Koboko, pamoja na istilahi za karakana, zahanati na ghala za kambi, kabla wenyewe hawajatutoka. Wao ni wahazini wa maneno, na hazina yao haijafungwa kwa bamba lolote. Inangoja kuulizwa tu.