Kanga ya Kisutu na Swali la Asili

Hapa visiwani bi harusi hafanyiwi singo bila kanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe. Tunaipenda na tunaipiga picha. Lakini wachache wetu tunajua jinsi bibi zetu walivyoitumia kanga kujibu swali ambalo hata leo posa ikija huulizwa: "Asili yake wapi?"

Karne ya 19 mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa. Wanawake waliotekwa bara, Wayao, Wamanyema, Wanyasa na wengineo, walitambulika kwa nguo zao. Mjakazi alivaa merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani, au kaniki, kitambaa kilichotiwa nili mpaka kikakaribia weusi. Alijifunga kifuani, mabega wazi na kichwa wazi. Kujifunika kichwa kulikuwa alama ya uungwana. Stara ambayo leo tunaiona ni ya kila mwanamke wa Kiislamu, wakati ule ilikuwa pia cheo.

Tarehe 6 Aprili 1897, Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria. Uhuru haukumfuata mtu nyumbani. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909.

Wakati huo kanga ilikuwa bado nguo mpya mjini. Ilianza kwa wanawake wa pwani kushona pamoja leso za mraba, kisha wafanyabiashara wakaleta kitambaa kilichochapwa tayari. Waliopata uhuru wakaacha kaniki wakanunua doti: upande mmoja wa kujifunga, upande wa pili wa kujitanda kichwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengine wakavaa na buibui. Wengi walihamia Ng'ambo, wakajenga nyumba, wakapeleka watoto chuoni kusoma Qur'ani, wakaozesha mabinti zao kwa shangwe kama waungwana. Walipoulizwa wao ni nani, walijibu kuwa ni watu wa hapa.

Mmoja wa watoto wa kizazi hicho alizaliwa Fumba miaka ya 1880, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara, na yeye alikuwa akifinyanga na kuuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Wakati huo alikuwa akiitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Ni Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950 na anayetajwa hadi leo kila taarabu inapozungumzwa.

Ndugu zetu waliohamia Muscat baada ya 1964, na wale walioko London, nao wanaendelea kujifunga kanga nyumbani. Wengine huko huambiwa wao ni Waafrika, na wakija huku huambiwa ni Waarabu. Kanga haiwauzi kwa upande wowote, maana ni nguo iliyoshonwa na watu waliochanganyika.

Kwa hiyo mama zetu, posa ikija, ulizeni dini ya kijana, tabia yake, na kama anaswali. Hayo ni haki ya binti. Lakini kumrudisha mja wa Allah kwa sababu babu yake aliletwa kwa jahazi ni kuirudisha kaniki ambayo bibi zetu waliivua. Dini yetu imetufundisha kuwa mbora wetu ni mchamungu zaidi.

Nawe bi harusi, ukifungwa kisutu chako, waombee dua wanawake waliotutangulia. Wengi wao hawakuandikwa popote, na wengi wetu ni wajukuu wao. Allah awarehemu, na ndoa zenu azitie baraka. Amin.